Mkono Hadi Chini ya Gunia

Miaka ile ya thelathini nilikuwa mkaguzi langoni mwa kinu cha pamba karibu na Shinyanga, kijana mwenye suruali moja na majivuno ya watu kumi. Hadi leo nikinusa mbegu za pamba zilizopigwa na jua, moyo unarudi pale.

Kazi yangu ilikuwa kufungua kila gunia la kumi na kutoa pamba ya kukagua. Niliitoa mdomoni mwa gunia tu. Kwetu Usukumani, kuzamisha mkono hadi chini ya gunia la mzee ni kumwita mwizi mbele za watu, na mimi sikulelewa hivyo. Nikiona nyeupe juu, nasema, "Pita, baba."

Marobota ya pamba tuliyofungasha yakaanza kurudishwa na wanunuzi. Yalikuwa na fafi, ile pamba ya manjano iliyoharibiwa na wadudu. Mwenye kinu akamgeukia fundi wa mashine ya pili, rafiki yangu tuliyekula sahani moja: marobota mabovu yasipopungua wiki ile, afungashe virago.

Fundi alichukua mkaa, akagawa ukuta mafungu matatu, moja kwa kila mashine, na kila robota bovu lilipotoka akachora mstari kwenye fungu la mashine yake. Nilimcheka, nikamwuliza kama siku hizi ni karani. Siku ya nne akaniita nitazame. Mafungu yote matatu yalikuwa karibu sawa.

"Kama kosa ni langu, mbona mashine za wenzangu zinakosea kama yangu?" aliniuliza. "Pamba inatufikia ikiwa mbovu."

Kabla ya mashine kulikuwa na lango, na langoni nilikuwa mimi. Niliona aibu, nikakasirika, kisha nikaona aibu tena.

Kesho yake nikaanza kuzamisha mkono hadi kwapani. Wazee walinisonya. Kabla ya adhuhuri, gunia la kumi likawa la baba mkwe wangu. Ningeweza kulihesabu la tisa, nani angejua? Nilimwamkia nikiwa nimeinamisha macho, nikazamisha mkono. Nilitoa fafi yenye unyevu.

"Hata mimi, mwanangu?" alisema. Akalifunga gunia, akalipakia juu ya punda wake, akaondoka.

Mistari ilipungua, na fundi akabaki na kazi yake. Ukuta ule hatukuufuta. Mistari ikiongezeka tulisimama tukatafuta sababu: siku moja kisu butu cha mashine, siku nyingine pamba iliyoanikwa kwenye mchanga. Sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda ile.

Baba mkwe alipeleka pamba yake kinu kingine, mbali zaidi, na njia yake ilipita mbele ya lango letu. Kila msimu nilitoka kumwamkia, "Mwangaluka, baba." Aliitikia vizuri, akauliza habari za wajukuu, na hakuwahi kusimamisha punda.