Pazia la Mjomba na Wapishi wa Televisheni

Samaki wa moshi wa Katunguru hutanguliwa na harufu yao. Gunia likiwa bado halijashushwa garini, sisi tuliokuwa ndani tulikwisha jua kwamba kitoweo cha kesho kimefika. Harufu hiyo ilikutana na ya mkaa, ya vitunguu vilivyoanza kuungua pembeni mwa sufuria na ya uchachu wa unga wa muhogo, na zote kwa pamoja ndizo zilizokuwa hoteli ya Mama, pale Bwera, kando ya barabara iendayo mpakani Mpondwe. Hoteli yenyewe haikuwa na kitanda hata kimoja. Kwetu hoteli ni mahali pa kula. Ilikuwa na chumba chenye meza na mabenchi, na nyuma yake jiko lisilo na mlango. Mlango ungewasumbua wateja, kwa sababu mteja wa Bwera hakuagiza chakula akiwa amekaa. Aliingia, akasalimia, akapita moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria moja baada ya nyingine, akachungulia, akanusa, kisha akanyoosha kidole: "Hicho hapo. Hapana, hicho cha pembeni chenye mfupa." Baada ya hapo ndipo alipokwenda kunawa mikono.

Mama alikuwa mjane, na watu walimwita Mama Masika kwa kuwa Masika ni mimi, mtoto wake wa kwanza. Alipika bundu, yaani ugali wa muhogo, kwa mwiko mrefu karibu sawa na mimi. Maharage yalishuka kutoka Bwesumbu mlimani, mchele ulitoka Mubuku, na mbuzi alijileta mwenyewe kwa miguu siku za soko. Baba alipofariki, bibi mzaa baba alisema mbele ya waombolezaji wote kwamba mwanamke peke yake hawezi kitu mpakani, na kwamba chumba chetu kule Bwesumbu kinafagiliwa kila siku kikitusubiri. Mama aliapa kwamba hatapanda ule mlima na sufuria zake kichwani huku bibi akimhesabia hatua. Kwa miaka kadhaa kiapo hicho hakikumsumbua, maana mabenchi yalijaa.

Kisha ng'ambo ya barabara ikafunguliwa hoteli nyingine, yenye televisheni pana inayoonyesha mpira. Chakula chake kilikuwa cha kawaida tu, lakini wanaume walikula wakiwa wametazama juu, na mtu anayetazama juu hajui anakula nini. Mabenchi yetu yakaanza kupwaya. Mwenye nyumba naye akaanza kupita na fundi wake kupima ukuta wetu kwa kamba, kwa sababu alikuwa na ndoto ya duka la simu. Mama akaniambia, bila kunitazama usoni, kwamba wateja wasiporudi kabla ya shule kufungwa, tutafunga virago twende Bwesumbu. Nililia, na sikulilia hoteli, nililia shule yangu na marafiki zangu. Siku hizo hizo ndipo Mjomba Baluku, kaka yake Mama, alipostaafu jeshini na kuhamia kwetu na sanduku la bati, ndevu zilizonyolewa vizuri mno, na televisheni.

Mjomba alikuwa dereva wa lori maisha yake yote ya jeshini. Hakuwahi kupika hata chai, lakini alikuwa amekula kambini kwa muda mrefu hivi kwamba alijiona mtaalamu wa mapishi. Askari wa kambi iliyokuwa jirani walimwita afande hata baada ya kuvua gwanda, naye alijibu wito huo akiwa amenyoosha mgongo. Aliitundika televisheni ukutani na mpira ukaonekana, na watu wakaja kweli, wakanunua soda moja wakainywa kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Siku zisizo na mpira alishika rimoti akazurura kwenye chaneli, na katika kuzurura kwake akavikuta vipindi vya wapishi wa Kizungu. Tangu siku hiyo hatukuwa na amani.

Kulikuwa na vipindi viwili. Cha kwanza tulikiita cha Makelele. Mpishi mmoja mwenye mishipa ya shingo iliyotuna aliingia kwenye hoteli inayokaribia kufa, akafungua friji, akatoa kitu kilichoota ukungu, akakipeleka puani pa mwenye hoteli na kuanza kumtukana yeye, mke wake na mapazia yake. Mwenye hoteli alibisha, kisha akatoka nje akalia. Kufikia mwisho wa saa, kuta zimepakwa rangi, meza zimejaa, na yule yule aliyetukana anakumbatiwa. Cha pili tulikiita cha Vijiko. Humo watu walishindana kupika, kisha wakasimama wamefumbata mikono huku waamuzi watatu wakionja kidogo kidogo kwa vijiko, wakitafuna polepole, wakinyamaza, na muziki ukilia kama kuna msiba. Mmoja alifukuzwa, akavua aproni, akawaaga wenzake kwa machozi. Kwa hiyo machozi yalikuwa pande zote mbili. Tofauti ni kwamba kwenye Makelele aliyelia alisaidiwa, na kwenye Vijiko aliyelia alikwenda nyumbani.

Mimi nilikuwa darasa la sita na ndimi niliyefasiri Kiingereza, kazi ambayo kwenye Makelele ilinitoa jasho, kwa sababu maneno mengi ya yule mpishi mwalimu wetu hakuwahi kuyaandika ubaoni. Nilisema tu, "Anasema hajafurahi." Mjomba alikuwa upande wa Makelele moja kwa moja. "Huyu ni sajenti," alisema. "Bila kupigiwa kelele, jiko halisimami." Mama alipenda Vijiko, kwa kuwa angalau pale watu walipika. Lakini swali moja lilimsumbua kila wiki. Waamuzi wanaonja vijiko viwili vitatu, kisha sahani inaondolewa, na hakuna anayeulizwa ameshiba. "Kinachobaki anakula nani?" aliuliza. Nilimwambia kipindi hakionyeshi. "Basi hapo hakuna mpishi," alisema, akarudi kwenye maharage yake, ingawa wiki iliyofuata alikuwa amekaa pale pale akitazama.

Mjomba akatangaza kwamba tatizo la hoteli yetu limepatikana. Alikuwa ameketi kulinganisha vipindi vyote viwili kwa makini, na vilipingana karibu katika kila kitu: huku kelele, kule ukimya, huku rangi mpya ukutani, kule kufukuzwa. Vilikubaliana katika jambo moja tu. "Dada," alimwambia Mama, "umewahi kumwona mteja ameingia jikoni? Kwenye kipindi chochote? Hata mmoja?" Mama alifikiri. Nami nilifikiri. Ilikuwa kweli, hatukuwahi kumwona. Kule kwa wenzetu mteja alikaa mezani na sahani ikamfuata. Mama akauliza kama yule mzungu amewahi kufika Bwera, lakini aliuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hukubali mambo. Kesho yake Mjomba alitundika shuka lake la kijani la kambini kwenye upenyo wa jikoni, akavaa aproni nyeupe, akaniandikisha menyu kwenye karatasi ngumu kwa mwandiko wangu bora, na akasimama mbele ya pazia miguu ikiwa imepanuliwa.

Wateja walikuja, wakasalimia, wakaenda moja kwa moja kuelekea kwenye sufuria, wakamkuta Mjomba. "Keti chini, soma menyu," aliwaambia. Walikaa. Waliishika karatasi yangu, wakaigeuza kuona kama kuna mbuzi upande wa pili, wakalitazama pazia, wakatazamana, kisha wakakumbuka kwamba kuna mtu anawasubiri ng'ambo ya barabara. Wiki haijaisha, soko lote lilikuwa na habari zetu. Wengine walisema tunapasha bundu la juzi. Wengine walisema nyuma ya shuka lile kuna nyama iliyotoroshwa kutoka mbugani, na hiyo ndiyo iliyotuumiza zaidi, kwa sababu wateja waaminifu waliogopa askari wa wanyamapori. Wapya waliokuja wiki ile walikuwa wanaume wawili walionong'ona sikioni mwa Mama wakiulizia nyama ya kiboko. Mama aliwafukuza kwa mwiko. Jioni alisimama nyuma ya pazia akimenya vitunguu, na alimenya vingi kuliko tulivyohitaji. Nilielewa alichokuwa akifanya, na moyo wangu uliniuma kwa sababu pale hapakuwa na mpishi wa kuja kumkumbatia mwisho wa saa.

Siku ya soko iliyofuata aliingia Mama Kavira. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, mwanamke mpana, Mkatoliki wa kujipiga ishara ya msalaba kabla ya kula na baada ya kula, na alikuwa mteja wetu tangu mimi sijaota meno. Nyuma yake walikuwa wenzake watano wenye njaa. Alisalimia na kuelekea jikoni. Mjomba akampa karatasi.

"Hii inakuliwa?" aliuliza Mama Kavira.

"Ni menyu, mama. Keti, chagua."

"Miye sikuli kitu yenye sijaona. Iko nini nyuma ya hii rido?"

"Simama hapo hapo! Hakuna raia anaingia jikoni. Hiyo ni amri!"

Mama Kavira alimtazama kuanzia aproni hadi viatu. Kisha akalishika lile shuka kwa mkono mmoja, kwa utulivu kabisa, akalivuta, likashuka pamoja na misumari na kipande cha plasta. Jiko likawa wazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda na kisu mkononi, macho mekundu, na kikapu kizima cha vitunguu uchi mbele yake. Hoteli nzima ilinyamaza, ukimya ule ule niliokuwa nikiutazama kila wiki kwenye Vijiko. Mama Kavira akafunua sufuria ya kwanza. Akafunua ya pili. Akatoa kijiko kwenye mkoba wake, akaonja mchuzi wa mbuzi, akafumba macho, akatafuna polepole. Halafu mishipa ya shingo ikamtuna.

"Chakula muzuri hivi munaificha juu ya nini? Ee? Banafichaka mwizi, haiko mbuzi!" Alimgeukia Mjomba na kumchapa begani kwa shuka lake mwenyewe. "Wewe na karatasi yako! Mama Masika analia, na mbuzi anapoa!" Sauti yake ilifika ng'ambo ya barabara, na huko wanaume waliokuwa wakitazama juu walitazama chini kwa mara ya kwanza siku ile.

Niliogopa Mjomba angejibu kijeshi. Alisimama kidogo, uso umemshuka, nikamhurumia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kila alichokifanya alikifanya kwa ajili ya dada yake. Kisha nikaona mgongo wake unanyooka. Kambini kulikuwa na jambo alilolijua vizuri kuliko yeyote katika televisheni, nalo ni ukaguzi. Aliingia jikoni, akazitoa sufuria zote, akazipanga mstari mmoja kwenye benchi mbele ya wateja, vishikio vikitazama upande mmoja, akakanyaga mguu sakafuni na kupiga ukelele: "Sufuria tayari! Kagua!" Wale wanawake wa Butembo walicheka hadi wakashikana. Walipita mmoja mmoja wakifunua vifuniko, na Mjomba akakataa kutoa sahani mpaka kila aliyekagua asimame wima na kujibu, "Sawa, afande!"

Basi ikawa hivyo. Askari walikuja kwa ajili ya kumcheka, wakala. Madereva walikuja kwa sababu askari walisimulia. Watoto wa shule walipita njiani wakipiga saluti kwa sufuria za watu wasiowajua. Shule zilifungwa na sisi tukiwa Bwera, na mwenye nyumba akaacha kuja na kamba. Akaja na tumbo lake tu, akasimama wima, akasema sawa, afande. Mimi niliachwa na menyu yangu, ambayo Mama alipepelea mkaa mpaka ikaisha. Televisheni ilibaki ukutani, na tuliendelea kubishana kuhusu Makelele na Vijiko, ila sasa Mjomba alivikosoa vyote viwili kwa kukosa nidhamu ya kupanga sufuria.

Siku hizi ninaishi Kasese mjini, na vipindi vya namna ile vimezaana mpaka vimeingia kwenye simu. Mtoto wangu anavitazama akiwa kitandani. Mimi pia navitazama, na bado sijaona kimoja kinachorudi mwaka mmoja baadaye kutuonyesha yule mwenye hoteli aliyekumbatiwa anaendeleaje, wala kinachojibu swali la Mama kuhusu chakula kinachobaki. Nikienda kula hapa mjini naletewa kitabu chenye picha zilizotiwa plastiki. Kati ya picha na sahani inayokuja, hata undugu wa mbali siuoni. Nakaa, nasoma, naagiza kwa adabu, na mkono unaniwasha ukitafuta kifuniko cha kufunua. Mama ndiye asiyevumilia. Akija kunitembelea hupita sebuleni bila kuketi, huenda kwenye jiko langu la gesi, akafunua kila kitu, hata birika.

Mwaka jana tulimzika Mjomba Baluku. Majirani walipika uani nyuma ya hoteli, na bila mtu yeyote kutoa agizo, sufuria zilipangwa mstari mmoja, vishikio vikitazama upande mmoja. Mama Kavira alivuka mpaka kuja kuzika, sasa anatembea kwa fimbo na ameshikwa mkono na mjukuu. Alipofika kwenye sufuria ya kwanza aliachia ule mkono, akafunua kifuniko, akachungulia, akanusa. Kisha akanyoosha mgongo wake uliopinda, kadiri ulivyokubali, akasema kwa sauti iliyosikika ua mzima, "Sawa, afande." Sote tulisubiri mguu ukanyage chini. Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akachukua mwiko, akawaambia watu, "Mukae, chakula inapoa."