Tango Mzazi

Mamangu hakupanda mbegu za dukani. Zake alizirithi kwa mamake, na mamake kwa mamake, zikakaa katika kichupa kimoja cha dawa ya kikohozi, zimechanganywa na jivu ili wadudu wasizile. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa na ua wa kutandika mikeka miwili tu. Humo alipanda katika madebe yaliyokatwa, matango yakapanda kwa kamba mpaka kwenye bati la jiko.

Kila msimu alichagua tango moja la mbegu. Mimi ningechagua kubwa kuliko yote. Yeye alikata la kwanza la kila mche, akalionja, na mche uliozaa uchungu hakuutazama tena. Katika mche mtamu aliacha moja, akalifunga kipande cha leso kwenye kikonyo, likakaa mpaka likageuka manjano na ngozi ikawa ngumu.

"Hilo usiliguse, ni mzazi," aliniambia kila mwaka. Nami kila mwaka nilimjibu kwamba sokoni Mwembe Tayari matango yamejaa tele. Nilikuwa karani kwa wakala wa forodha Kilindini, najiona msomi.

"Mdharau mwiba mguu huota tende," alisema, akaendelea na madebe yake.

Mwaka mmoja katika ile miaka ya tisini mifereji ya maji mjini ilikauka kwa miezi. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi, miche ikafa. Akapanda tena, ikafa tena, mpaka kichupa kikabaki jivu tupu. Mche mmoja tu ulishika, kwa maji aliyooshea mchele. Ulizaa matango manne. Mawili tukala, na kwa hofu aliyokuwa nayo akayafunga kitambaa yote mawili yaliyosalia.

Yalipoanza kuiva, mama alianguka mlangoni mwa jiko. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia pamoja na ulimi. Maneno hayakumwisha, lakini kila moja lilimalizikia kwa a: uji ukawa uja, maji yakawa maja. Nilijivunia kwamba ni mimi peke yangu niliyemwelewa.

Wiki ya pili akaanza neno jipya. Alinishika kwa mkono wake mzima, kisha akaelekeza uani, akasema, "Matanga."

Kwetu chakula cha matanga hupikwa uani.

"Nyamaa, mamangu," nikamwambia. "Usinene matanga. Wapona."

Alitikisa kichwa, akarudia. Siku tatu alirudia huku machozi yakimshuka, nami nikaufunga mlango wa uani asipate pa kuelekeza. Siku ya tatu nilimkaripia. Ndiyo, nilimkaripia mgonjwa.

"Mama, neno hilo sitaki kulisikia tena humu ndani."

Aligeukia ukuta. Hakusema nami tena mpaka alipokata roho, Ijumaa iliyofuata.

Waliokuja kupika ndio walioufungua ule mlango. Mke wa mwenye duka la jirani, Mhindi aliyekuwa akipewa mbegu na mama, alitoka nje na sufuria lake, akasimama.

"Mbona matango ya mamako mmeyaacha yakaoza?"

Matango. Nilikaa pale pale chini. Niliposimama nilikuta maganda mawili yaliyotafunwa na panya, na vile vitambaa. Nilimuuliza kama amebakiwa na mbegu yoyote.

"Niweke za nini? Mamako akinipa kila mwaka."

Nilikwangua kwa kucha, nikapata mbegu kumi hivi zilizonasa kwenye matope. Nikazitia katika bakuli la maji, kama alivyofanya yeye, kwani mbegu nzima huzama. Zote zilielea. Niliendelea kuzikoroga kwa kidole, nikingoja hata moja ishuke.

Ndani wanawake wenzangu walinipisha mkekani. Mmoja mmoja walinishika mkono, wakaniambia nimemhudumia mama vyema na radhi zake nimezipata. Niliitikia amin. Sikuweza kuwaambia kwamba mama aliniomba kitu kimoja tu, na mimi nikamfungia mlango.