Kisarawanda Kilichobaki Kwenye Karatasi Yake

Mimi ni somo, na sioni haya kusema kuwa ni somo mzuri. Binti akikaribia kuolewa, mama yake huniita, nami huingia naye chumbani wiki nzima. Namsinga kwa liwa na karafuu, namfukiza udi, na juu ya yote namfundisha mwili wake: kipi hakipaswi kuuma, namna ya kumwambia mume "hapo sawa", na namna ya kumwambia "leo sitaki". Wapo wanaodhani kazi ya somo ni kucheza ngoma na kula pilau. Waache wadhani.

Mwisho wa kazi yangu ulikuwa kisarawanda. Ni kitambaa cheupe ambacho somo hukitandika kitandani siku ya harusi, na asubuhi hukitoa kwenye sinia, kina damu, wanawake wa upande wa bwana harusi wakione. Hapo hupigwa vigelegele. Changu mimi, nilipoolewa, kilizungushwa nyumba nzima, nami nimelala nimegeukia ukuta, namsikia mwanamke nisiyemjua akitaka kisogezwe dirishani akitazame vizuri. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi kwa sababu mwenzangu wa mtaani, tuliyesoma naye chuo cha Kurani, chake kilitoka cheupe. Aliapa mpaka sauti ikamkauka. Aliachwa kabla ya fungate kumalizika, na hadi leo wapo wanaomnong'ona akipita. Kazi hii ndiyo iliyonifunza baadaye kwamba wasichana wengi hawatoki damu, na hawajafanya kosa lolote.

Mwaka jana niliitwa kwa binti mmoja hapa Mji Mkongwe, mwalimu wa hisabati huko Chukwani, mdomo wake haulali. Siku moja kabla ya harusi nilikuwa namsugua mgongo.

"Somo."

"Naam, mwanangu."

"Mimi kisarawanda sitaki."

Mkono wangu ukasita. Nikamwambia kama ana jambo anambie mimi, nitakufa nalo.

"Sina jambo. Na ningekuwa nalo, vilevile nisingetaka. Wiki nzima unanambia mwili huu wangu. Mbona asubuhi unataka kuutembeza kwenye sinia?"

Niliudhika. Nani huyu wa kunifunza kazi? Nilimsugua mpaka akapiga kelele. Lakini nilipokwenda kunawa mikono nilijikuta natabasamu peke yangu, maana hakuna mwari niliyewahi kumfunda akanisikiliza kama huyu. Nikarudi nikamwambia sawa, ila ajue watu watasema, na watakayoyasema yatamfuata mpaka uzeeni. Akasema anajua, na bwana harusi ameshamweleza, naye karidhia. Mimi nami nilijua kuwa kina mama wa mjini wakisikia nimetoka mikono mitupu, hawataniita tena.

Asubuhi baada ya usiku wa harusi akaja shangazi wa bwana harusi, mama wa Matemwe, mkulima wa mwani, amefuatana na wanawake wawili na sinia lenye maua ya asumini. Nikawakaribisha chai ukumbini.

"Chai baadae," akasema shangazi. "Kwanza kisarawanda."

Nikampa. Kilikuwa kwenye karatasi yake ya dukani. Alikifungua, akakigeuza huku na huku, na mikunjo ya dukani ilikuwa bado imesimama.

"Ndo nini hichi?"

"Hakikutandikwa. Mwenyewe kakataa."

Wale wawili wakatazamana. Shangazi akakiweka chini polepole.

"Basi tutamwita mkunga aje amtazame. Kama hana wasiwasi, atakubali."

Hapo hasira zilinipanda. Nilisimama mlangoni mwa chumba, na mimi mwili ninao, mlango ukajaa.

"Hapiti mkunga hapa. Hagusi mtu mtoto huyu bila ya ridhaa yake."

"We somo gani? Kazi yako umeiharibu!"

"Kazi yangu imo chumbani humu, nzima kabisa, inakunywa chai."

Nilikuwa bado nahema, nikahisi mkono begani. Biharusi hatoki chumbani kabla ya fungate kwisha, kila mtu anajua. Huyu alitoka, na hina yake bado imekolea wekundu, akapita ubavuni mwangu, akamwinamia shangazi na kumbusu mkono.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akajibu shangazi. Ilimtoka kwa mazoea, kabla hasira haijamruhusu.

"Nimefurahi umekuja. Lakini sitotazamwa, si leo wala siku nyengine. Yangu nnayajua mimi."

Shangazi akamtafuta bwana harusi kwa macho. Kijana alikuwa nyuma yetu, ameshika kikombe.

"Na mimi sitaki atazamwe," akasema.

Wale wawili walibeba sinia lao, wakashuka ngazi wakinung'unika, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Walisema, kama tulivyojua. Kuna mama aliyeniagiza nisije tena kwake. Sikujali. Siku ile nilitembea Darajani kifua mbele.

Ila shangazi hakushuka nao. Alibaki ukumbini, akavuta kikombe cha chai, akanywa huku akiwatazama maharusi walivyosimama bega kwa bega. Kisha akakikunja kile kitambaa kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia mkononi.

"Nna binti yangu, anaolewa baada ya Mfunguo Tatu, Iddi Kubwa ikishapita," akasema, macho yakiwa kwenye kikombe. "Utakuja umfunde?"

"Nitakuja. Lakini nina sharti."

"Sharti nshalisikia," akasema. "Hicho kitambaa usije nacho."