Kikombe cha Msumarini

Makala yangu ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo, na wiki tatu nzima kila siku nilipita pale kwa makusudi nione nani anaisoma. Sina sababu ya kuficha. Nilikuwa mwaka wa pili wa famasia, katika mji mmoja wa kusini mwa India, na mwalimu alitutaka kila mmoja aandike anavyoiona jamii anayoishi ndani yake. Wenzangu waliandika foleni za magari na ukali wa mitihani. Mimi niliandika kuhusu glasi.

Glasi yenyewe ilikuwa ya stili. Ilikaa dirishani kwa nje, juu ya mfereji wa maji machafu, kwenye nyumba nilikopanga chumba. Ilikuwa ya mama mmoja aliyekuja kila asubuhi kusafisha vyoo na kufagia ngazi. Mwenye nyumba wangu alikuwa mwanamke mwema kweli kweli, nilipougua homa aliniletea uji wa mchele siku nne mfululizo. Lakini huyo huyo, akimpa yule mama chai, aliimimina kutoka juu ili birika lisiguse glasi. Yule mama alikunywa akiwa amechuchumaa nje, akaiosha glasi mwenyewe, akairudisha dirishani bila kuambiwa na mtu.

Basi nikaivalia njuga glasi ile. Nikaandika habari za matabaka, nikaandika unafiki, nikauliza nchi inayopeleka vyombo mwezini inashindwaje kumwingiza mtu ndani anywe chai. Nikachanganya na niliyokuwa nikiyasoma magazetini, ya watu waliozaliwa na kuzeekea kijiji kimoja wakidaiwa karatasi za babu zao ili wathibitishe kuwa ni wa pale, wakati karatasi zilishakwenda na mafuriko. Nilikuwa na hasira zangu binafsi pia, tusidanganyane. Nilipokuwa natafuta chumba, kwenye simu chumba kilikuwepo, nikifika mlangoni wakauona uso wangu naambiwa eti kimepata mtu asubuhi ile ile. Nilizungushwa hivyo mpaka viatu vikaachia soli.

Siku ya kuijadili makala darasani, kijana mmoja mwenyeji akainua mkono. "Na kwenu je? Hakuna mambo kama haya?"

"Kwetu tunakula sahani moja," nikamjibu, bila hata kupepesa macho.

Darasa likanipigia makofi. Na mimi, Mungu anisamehe, niliamini nilichokisema.

Kwetu ni Nyabiyonza, Karagwe. Tuna kibanja cha migomba na kahawa alichokiacha babu, na ndani ya kibanja kile kulikuwa na mtu mmoja ambaye mpaka hapa sijamtaja. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, mnaweza kukaa kwetu wiki nzima mkasahau kumtaja. Babu alimleta akiwa mtoto wa kutambaa. Alimtoa upande wa Nyakatuntu, ambako mama yake alikuwa amevuka mto kutoka ng'ambo ya mpaka na kufia kwenye nyumba ya watu wasiomjua. Babu alikuwa amekwenda kule kununua ndama, akarudi na ndama na mtoto. Mtoto akakua, akawa ndiye anayepalilia, anayekata ndizi, anayeanika kahawa na kuikusanya mvua ikitishia. Mimi alinibeba mgongoni kwenda kliniki mama alipokuwa amelazwa. Nilipovunjika mkono ni yeye aliyekimbia nami mpaka barabarani.

Baba alimwita "kijana", na mvi zilishamjaa kichwani. Mama alisema "huyu wetu". Sisi watoto hatukumwita chochote. Shikamoo hatukumpa, wala hakuna aliyetukataza kumpa, hatukumpa tu. Yeye ndiye alikuwa akitusalimia sisi. "Umeamkaje, mwalimu?" aliniambia kila asubuhi, tangu nikiwa darasa la pili, kwa sababu siku moja aliniona nikiwafundisha mbuzi hesabu.

Niliporudi likizo baada ya makala ile nilimkuta amekonda, mgongo umepinda. Nyumbani kulikuwa na hofu. Kulikuwa na uhakiki wa wakazi, nyumba kwa nyumba, na asiye na karatasi alitakiwa aelezewe ni nani na yuko pale kwa njia gani. Yeye karatasi hakuwa nayo hata moja. Kadi yake ya kanisa, maana alibatizwa ukubwani, mahali pa kuzaliwa iliandikwa "haijulikani". Asiyeeleweka angepelekwa wilayani, na kutoka wilayani anarudishwa ng'ambo. Arudi ng'ambo kwa nani? Lugha anayoijua ni Kinyambo na Kiswahili cha kubabaisha. Kule hana hata kaburi la kuonyesha.

Baba alitaka kusema ukweli. "Nitawaambia marehemu mzee alimwokota, basi. Majirani wote wanajua."

Mimi nikakataa. Mimi msomi! Nikamwambia baba kwamba ukweli bila karatasi haufiki popote, nimeona India watu wanavyoteseka na ukweli wao. Nikamwambia tuseme ni mdogo wake, mtoto wa babu kwa mke mdogo aliyefariki. Mwenyekiti wa kitongoji ni mtu wetu, ataitikia kwa kichwa. Baba akanitazama, akasema, "Wewe ndiye uliyesoma." Neno hilo bado linanichoma.

Nikajitwika kazi. Godoro lake nililitoa kwenye kibanda cha pembeni ya zizi la mbuzi, nikaliweka chumba cha ndani na shuka jipya. Koti lake nikalitundika sebuleni sambamba na koti la baba. Nikatafuta picha moja ya mazishi ya babu ambamo anaonekana nyuma, ameshika jembe, nikaiweka kwenye fremu. Nikamvisha shati la baba. Nikamfundisha akae kiti kipi. Yeye alicheka, alidhani ni mchezo wangu kama ule wa mbuzi.

"Mwalimu, sasa mimi ndani huko nitapata usingizi kweli? Nimezoea kusikia mbuzi."

"Utazoea," nikamwambia. "Wewe sasa ni baba mdogo."

"Haya," akasema. Kisha akauliza, "Mzee angekubali?"

Nikamwambia angekubali. Nilijuaje? Sikujua chochote.

Afisa alikuja saa nne asubuhi pamoja na mwenyekiti. Pikipiki walikuwa wameiacha barabarani kwa sababu ya utelezi, wakapandisha kilima kwa miguu, jasho linawatoka. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuuliza taratibu. Tulimkaribisha barazani upande wa jikoni, kwenye kivuli. Baba alieleza, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Afisa akaingia ndani, akaonyeshwa kitanda, akaona koti, akaishika fremu na kuitazama picha. Akatoka. Akamuuliza yeye mwenyewe, akimwonyesha baba, "Huyu ni nani wako?"

"Ni kaka yangu," akajibu kwa sauti ndogo, akiangalia vidole vya miguu yake.

Afisa akafungua daftari kubwa, akaitafuta kaya yetu, akaanza kuandika chini ya jina la baba. Nilimwona mama akifumba macho. Nilihesabu herufi kalamu ilivyokuwa inakwenda. Tulikuwa tumeshapona, jamani. Tulikuwa tumeshapona!

"Naombeni maji ya kunywa kwanza," afisa akasema akijipangusa shingo. Akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, pale ukutani, akachomoa kikombe kutoka msumarini. Cha bati, cha bluu, mdomo umebanduka rangi. Akaninyooshea. "Nichotee tu na hiki, dada, usijisumbue."

"Aa, si hicho!" nikasema. "Hicho si cha watu. Ngoja nikuletee kingine."

Lilitoka lenyewe. Sikulifikiria, ningelifikiria ningekula ulimi wangu. Nilikuwa nimeshageuka kukimbilia kabati, nimefurahi kumhudumia mgeni, hatua mbili tatu hivi, ndipo nikasikia nyuma yangu jinsi watu wote walivyonyamaza. Godoro nilikumbuka. Koti nilikumbuka. Kikombe kile, kilichoning'inia pale tangu kabla sijazaliwa, sikukiona, kwa sababu nyumba nzima tulikuwa hatukioni.

"Cha nani?" afisa akauliza.

Mwenyekiti alikuwa anatazama migomba kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuiona.

"Ni changu, mheshimiwa," yeye mwenyewe akasema, akasimama kabisa kwa heshima. "Nilipewa na mzee."

"Unanywea wapi?"

"Hapa. Jiweni hapa."

Afisa akakizungusha kikombe mkononi. Hakukasirika, na heri angekasirika. Akamwambia baba, "Mzee, mimi ni mtu wa hukuhuku Karagwe. Mdogo wako, damu yenu moja, ananywea nje kwenye bati lake?" Akakata mstari aliokuwa ameuandika, kwa rula, vizuri kabisa, akafunga daftari. Maji hakunywa.

Baba alikwenda wilayani, Kayanga, mara tatu kueleza ule ukweli wa kwanza, wa babu na ndama na mtoto. Alisikilizwa, lakini nani amwamini mtu aliyeanza kwa uongo? Uongo wenyewe ni wangu, na aliyeufichua ni mimi. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, mimi sikupata hata jeraha.

Siku askari walipokuja kumchukua nilijifungia ndani nikilia mpaka mama akaja kunigongea. "Toka umuage. Usimfanyie na hilo." Nikatoka. Alikuwa amelivua shati la baba, amelikunja, ameliweka juu ya kiti. Amevaa lake. Alikuwa na kifurushi kidogo na kikombe chake amekifunga kwa kamba kiunoni.

"Shikamoo," nikamwambia.

Akageuka kutazama nyuma yake, kuona nani amekuja. Hakukuwa na mtu. Akanitazama tena, midomo ikamcheza, na nadhani marahaba ilikuwa karibu kutoka lakini hakuthubutu.

Nikaanza kumwomba msamaha, kamasi zinanitoka kama mtoto. Akanishika bega. "Usilie, mwalimu. Ulisema vizuri. Mgeni wa serikali, utampaje maji kwenye kikombe changu?"

Wallahi, heri angenitukana. Angenitemea mate. Hata leo nikikumbuka kwamba alikuwa ananituliza, na kwamba aliamini alichokisema, natamani ardhi inimeze. Alipanda gari, akakaa chini, kwenye sakafu, ingawa benchi lilikuwa tupu. Askari ndiye aliyemwambia apande juu.

Tangu pale hatujui aliko. Baba aliulizia kwa wavushaji wa mtumbwi, mtu mmoja akasema alimwona sokoni ng'ambo amekaa na wapagazi, mwingine akasema yule si yeye. Mgongo ule hauwezi kubeba gunia. Usiku wa baridi analala wapi, anasikia mbuzi wa nani? Najiuliza nikiwa maabara, najiuliza nikiwa nahesabu vidonge, na jibu silipati.

Nilirudi chuoni. Mwalimu akaniambia makala yangu iliwagusa wengi, niandike nyingine, wasomaji wanaisubiri. Nikamwambia sina la kuandika juu ya India. Akadhani nimeogopa kutishwa na mtu. Nilikwenda kwenye ubao, karatasi ilikuwa bado ipo, jua limeifubaza. Nyani haoni kundule, na mimi nililiandikia kundu la mwenzangu kurasa nne kwa Kiingereza safi. Nikaibandua. Asubuhi yake nilimtazama yule mama akiiosha glasi yake na kuirudisha dirishani, na kwa mara ya kwanza niliogopa kumtazama usoni. Nilitaka nimwambie mwenye nyumba neno. Nimwambie mimi kama nani?

Jumapili iliyopita mama alinipigia simu baada ya ibada. Alikuwa mchangamfu kidogo, mara ya kwanza tangu yale mambo. Migomba ilikuwa imezidiwa na magugu, akasema, kahawa ilianza kuozea chini, na baba umri umekwenda, sasa wanamshukuru Mungu wamepata mtu. Ni wa kutoka kata ya Ndama, mtulivu, anajua kazi. Tumeshamtafutia na vyombo vyake, akasema, sahani na kikombe kizuri cha kijani.

Nikamuuliza kikombe kinakaa wapi.

Nikasikia kuku wa kwetu wakilia kwenye simu. Kisha mama akasema, "Si palepale tu, msumarini."