Mume Aliyemfuata Mkewe Msituni

Kuna wanaume wanaostaafu, na kuna wanaume wanaohamishia kambi nyumbani. Sajini Okullo alikuwa wa aina ya pili. Siku aliyorudisha sare zake pale kambini Mbuya, mkewe Concy alimpikia kuku, akamwambia, "Karibu nyumbani, Baba Kidega." Kabla wiki haijaisha alikuwa ameshaijutia ile karibu. Mzee alikagua masufuria. Alifunua chungu kabla chakula hakijaiva, akauliza kwa nini mchuzi uko hivi. Alihamisha kitanda, akahamisha kabati, akatangaza kwamba viatu vitapangwa mlangoni ncha zikitazama nje, kwa sababu mtu akiamshwa ghafla hana muda wa kugeuza kiatu.

"Nani atatuamsha ghafla?" Concy aliuliza. "Hapa anayetuamsha ni jogoo wa jirani."

"Hata jogoo," alisema Okullo.

Concy hakuwa mtu wa kulialia. Alizaliwa Kitgum, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa na askari, na tangu hapo maisha yake yakawa ya kufunga mizigo na kuifungua. Kambi hii, kambi ile. Kiswahili alijifunzia bombani, akipigania zamu ya maji na wake wa askari kutoka kila pembe ya nchi, ndiyo maana Kiswahili chake hakikujua kubembeleza. Watoto aliwalea, wakakua. Kidega alishaoa, yuko Gulu. Kitu kimoja tu kilikuwa chake mwenyewe, hakuna aliyempa na hakuna aliyekikagua, nacho kilikuwa Jumamosi.

Jumamosi ilianzishwa na Ajwang, Mkenya wa Kisumu anayeuza mabeseni na ndoo Kyebando. Daktari alimwambia presha imepanda, atembee. Ajwang si mtu wa kufanya jambo peke yake. Hata akimeza dawa anataka mtu wa kumtazama. Akakusanya wanawake, wa kanisani kwake na wa msikitini, wakaanza kuzunguka kilima cha Mbuya asubuhi. Wenye bodaboda wakawafanya mchezo: "Mama, panda nikupeleke, mbona unajitesa?" Basi wakahamia msituni. Wakawa wanakodi gari linawapeleka hifadhi ya Bukasala, nje ya mji ukishaipita Mukono, ambako njia zimewekewa alama za rangi kwenye miti na mtu anaweza kutembea mpaka achoke bila kusukumwa na pikipiki.

Mara ya kwanza, Concy alishindwa kujua aiweke wapi mikono yake. Tangu utoto hakuwahi kupita njia ya msitu bila kitu kichwani: kuni, maji, unga, na mtoto mgongoni. Sasa anaingia msituni, anatoka, hakuleta hata kijiti. Dada yake wa Kitgum aliposikia habari hiyo kwenye simu alitaka maelezo.

"Mlikwenda kufanya nini huko?"

"Kutembea."

"Kwenda wapi?"

"Kurudi."

Dada akasema atamwombea.

Lakini Concy alishanogewa. Aliipenda ile baridi ya chini ya mivule, mahali ambapo jua likitaka kushuka lazima liombe ruhusa ya majani. Aliwapenda hondohondo wanaopiga mbawa kwa kishindo kama mtu anakung'uta mkeka, na kima wanaokaa juu kuwatazama wapita njia kwa uso wa shemeji asiyekupenda. Na alipenda maneno. Msituni wanawake husema yale ambayo kuta za nyumba hazistahili kuyasikia.

Okullo alipozoea kukaa nyumbani, akaanza kuuliza Jumamosi ni nini. Alipoambiwa, akaweka kikombe chini.

"Mke wangu haendi msituni bila mimi. Tunakwenda wote au tunabaki wote."

Concy alijua amri ikishatoka hairudi. Akaona heri nusu ya shari: mzee apande gari, pengine hewa itamlegeza.

Haikumlegeza. Alikuja na buti, na fimbo, na kofia aliyoivuta mpaka machoni. Kwenye lango la msitu alimtazama Nakhisa, msichana wa Bungoma anayekaa kwenye kaunta ya duka moja Nsambya, akamwambia blauzi yake ya njano inaonekana kutoka mlima wa pili. Kisha akawapanga mstari, mtu na mwenzake waachiane nafasi, na marufuku kuongea.

"Msitu una masikio," alisema.

"Wacha usikie, afande," alisema Nakhisa. "Mimi namsema bosi wangu tu."

Siku hiyo walitembea kama watu waliotoka kuzika. Jumamosi iliyofuata Okullo alikuja tena, na safari hii hata kabla hawajaingia Ajwang alimvuta Concy nyuma ya gari.

"Mama Kidega, mimi nilikuja kushusha presha. Huyu mzee wako anaipandisha. Leo namvumilia, lakini akiniharibia tena, basi. Hatarudi hapa."

"Akifukuzwa yeye, nimefukuzwa na mimi," alisema Concy. "Unamjua."

"Namjua. Ndiyo maana nakuambia mapema."

Concy aliingia msituni roho ikiwa juu juu. Kila Okullo alipokohoa, alimtazama Ajwang. Kila Ajwang alipovuta pumzi, alimtazama Okullo. Ilikuwa kama kubeba vyungu viwili kichwani.

Mwongoza njia wao alikuwa Bénit, Mkongo wa Bunia mwenye ndevu zilizoingia mvi, mpole sana. Alikuwa amebaki nyuma akimwonyesha Nakhisa gome la mti ambao nyumbani kwao hutibu tumbo. Okullo hakungoja. Akashika uongozi, wanawake wakamfuata, na kwenye kona moja, mbele ya gogo lililoanguka, akasimama ghafla.

Alikuwa ameona siafu. Walikuwa wanakata njia, weusi, wengi, na pembeni wamejimwaga kwenye nyasi. Mtu mwingine angesema, "Jamani, siafu." Okullo alitembea vichakani nusu ya maisha yake, na huko mdomo haufunguliwi. Akageuka, akanyoosha mkono, kiganja kikatazama chini, akakishusha polepole. Jeshini maana yake ni moja: tulia hapo ulipo, usisogee.

Lakini kanisani kwa Ajwang, mama mwenyekiti akishusha kiganja namna hiyo, wanawake wote wanakaa.

Wakakaa. Walikuwa wamechoka, na walidhani mzee hatimaye amepata moyo wa binadamu, amewapa mapumziko. Ajwang alichagua nyasi laini kando ya njia. Wengine wakatandika leso. Concy akafungua bakuli lake la viazi vitamu na odii, ile karanga iliyosagwa pamoja na ufuta, akaanza kugawa. Okullo kuona hivyo macho yakamtoka. Akashusha kiganja tena, kwa nguvu. Wao wakajikalisha vizuri zaidi. Ajwang hata akavua viatu.

"Asante, afande," alimwambia. "Na wewe njoo ukae."

Siafu hawana haraka. Hupanda kimyakimya, hawagusi kitu, mpaka wote wawe wamefika pale wanapotaka. Halafu huuma pamoja, kama waliopigiwa filimbi.

Wa kwanza kuruka alikuwa Ajwang, na mwili wake si wa kuruka. Aliita mama yake kwa Kijaluo. Viazi vilikwenda huku, leso huku. Wanawake wazima, wengine mabibi wenye wajukuu, walikimbia wakirudi walikotoka, na kila aliyepiga hatua alivua kitu. Hakukuwa na haya. Siafu akishaingia kwenye sketi, haya hutoka yenyewe. Walipofika penye usalama walikuwa wamebaki na vile ambavyo mtu huanika nyuma ya nyumba, wanatoleana siafu migongoni kama kima, na kima wenyewe walikuwa juu wanapiga kelele za kufurahi.

Okullo aliwafuata, akaona alichokiona, akageuka papo hapo. Akasimama wima, uso kwenye gome la mvule, mikono ubavuni. Alibaki vile vile mpaka wa mwisho alipovaa. Nakhisa, aliyefika na Bénit akakuta vita vimeshapiganwa, ndiye aliyetazama chini.

"Afande, wewe pia unaumwa. Wako mpaka gotini."

"Najua," alisema Okullo, akiutazama mti. "Wamemaliza kuvaa?"

"Wamemaliza."

Ndipo alipoinama, akajikung'uta miguu.

Baraza likakaa kwenye magogo karibu na bango la hifadhi. Ajwang alikuwa bado anatoa siafu kwenye nywele, na kila aliyemtoa alimponda kwa kidole gumba huku akimtazama Okullo.

"Nilitoa ishara," alisema Okullo.

"Ishara ya nini? Mimi ukishusha mkono hivyo nakaa."

"Hiyo ni ya kutulia. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani? Kuna askari hapa? Mdomo unao, afande, ama uliurudisha pamoja na sare?"

Mmoja akacheka puani. Okullo alisema msituni mtu hapigi kelele. Ajwang akasema siafu hawana bunduki. Kisha akawageukia wenzake, na sasa hakuwa anatania.

"Mimi nimesema. Huyu mzee haji tena. Akija yeye, mimi nabaki Kyebando na ndoo zangu."

Okullo alishika fimbo, akainuka. "Sawa. Mama Kidega, twende nyumbani. Mambo haya yamekwisha."

Concy hakuinuka. Alihisi kitu kinapanda kifuani, na hakikuwa siafu. Akasema naye kwa Kiacholi, upesi na kwa sauti ya chini, ili watu wasiingie kwenye mambo ya nyumba yake.

"Baba Kidega, kaa. Nyumbani nimekupa kiti kile kizuri. Nimekupa redio. Nimekupa funguo. Kitanda umekihamisha, nikalala kichwa kikiwa mlangoni kama mgeni. Chungu changu unakifunua kabla hakijachemka, nanyamaza. Hii njia tu ndiyo yangu. Usiniondolee."

Okullo aliitazama fimbo yake kama ndiyo iliyoulizwa. Kisha akasema, kwa lugha hiyo hiyo, "Nyumbani sina kazi, Concy."

Hakuwahi kumwita kwa jina mbele za watu.

"Hata mimi hapa sina kazi," alisema Concy. "Ndiyo maana ninakuja."

Kwenye gogo la pili Ajwang alianza kutikisika. Concy alikuwa amesahau. Kijaluo na Kiacholi ni ndugu wa tumbo moja, na Mjaluo akinyamaza vizuri hukosa maneno machache tu.

"Eti anafunua chungu?" Ajwang aliuliza kwa Kiswahili, na sasa kila mtu akajua. "Kabla hakijachemka? Afande, hata marehemu mume wangu, na alikuwa mtu mbaya, chungu hakugusa."

Walicheka mpaka Nakhisa akashika tumbo. Concy alitaka ardhi immeze. Aliogopa kumtazama mumewe. Alipomtazama, Okullo alikuwa ameketi tena, amevua kofia, na upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umepinda kidogo, kama mtu aliyekamatwa.

Ajwang alijifuta macho. Hasira na kicheko haviwezi kukaa kwenye kiti kimoja, na kicheko kilikuwa kimeshakalia.

"Haya. Kwa ajili ya Mama Kidega, abaki. Lakini atembee nyuma. Nyuma kabisa. Na akiona kitu, aseme kwa mdomo."

"Nyuma kabisa?" aliuliza Okullo.

"Mimi Kiswahili nimesema."

Okullo alifikiri. "Jeshini," alisema, "nyuma hawekwi mtu hivi hivi. Nyuma huwekwa mtu wa kuaminika."

Ajwang alifungua mdomo. Concy akamkanyaga mguu.

"Ni kweli," alisema Concy. "Nyuma ni kazi nzito."

Wakaingia tena. Wangeweza kurudi nyumbani, hakuna ambaye angewalaumu, lakini nauli ilishalipwa na siku bado ilikuwa mbichi. Bénit aliwapitisha njia nyingine. Mbele akamweka Concy, kwa sababu wengine wote sasa waliogopa kukanyaga wa kwanza. Nyuma yake maneno yakaanza, kwanza kwa kunong'ona, kisha Nakhisa akamleta bosi wake, na Ajwang akamleta jirani aliyekopa kwake beseni la kunyweshea ng'ombe, na hali hana ng'ombe, na mara msitu wote ukawa na habari.

Concy alisikiliza kana kwamba hakuna mzee nyuma. Mara moja sauti ya Okullo ilitoka mbali, nene, "Siafu, kushoto," wote wakaruka kulia bila kutazama. Ajwang alitukana kidogo, kisha akasema, "Asante, afande," na safari hii alimaanisha.

Walipofika njia panda Concy aligeuka. Mstari ulikuwa mrefu. Mwisho kabisa, mbali na wenzake wote, Okullo alikuwa amesimama, shingo nyuma, anamtazama hondohondo anayelisha kitu kilichofichwa kwenye tundu la mti. Fimbo aliitia kwapani. Alisahau hata kuhesabu watu, kazi ya mtu wa nyuma. Ndege aliruka, akarudi na tunda, akalipitisha tunduni, akaruka tena, na mzee hakutikisika.

"Mama," alisema Bénit, "njia ya huku iko mufupi, inatoka kwa lango. Ya huku iko murefu, inazunguka mupaka kwa chemchemi. Tunashika gani?"

Zamani angemngoja Okullo afike aulizwe. Alitazama njia zote mbili.

"Ndefu," alisema Concy, akashika ndefu.