Ua Likichumwa Huwekwa Wapi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wanaonifahamu hapa Berchem wanasema hata basi la mtaani kwetu haliijui sura yangu, na hawakosei sana. Nipe kiti changu na blanketi, Brussels yote inaweza kuendelea bila mimi. Lakini siku ya mahari ya binti wa kaka yangu nilivaa kitenge kinachonibana, nikaenda Saint-Josse, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vitambaa.

Sikufuata wali. Wiki hiyo msichana alikuja kwangu, akakoroga chai mpaka ikapoa. Anasomea uuguzi, mwaka wa pili.

"Shangazi, kwao na mchumba wangu banasema nikisha kuolewa, masomo itangoja kwanza. Ye hasemi ndiyo, hasemi hapana."

"Na baba yako?"

"Anasema tusiharibishe feti, sherehe ya watu."

Kwetu Kivu binti haombwi kwa maneno makavu. Kila upande una msemaji wake, na msemaji asiyezunguka anaonekana hana adabu. Upande wa kijana ulileta mzee mwenye koti la rangi ya maziwa na sauti ya padri.

"Bon, ba papa, ba maman. Tulikuwa tunapita, tukaona maua moja mu jardin yenu, mu bustani. Ilitunukia mpaka njiani. Njo maana tumekuja kuichuma, ipambe nyumba yetu."

Makofi. Kaka yangu, msemaji wetu, tayari alikuwa anatafuta ua lake la kujibia.

Mimi niliishia sekondari, Bukavu, na katika yote niliyofundishwa kimenibaki kitu kimoja: mwalimu wa Kifaransa aliyetukataza kuisifu sitiari kabla ya kuifuata mpaka mwisho. Picha ni nzuri, alikuwa akisema, sasa ingieni ndani muone kama kuna pa kukaa. Tulimcheka sana. Siku hiyo nikaingia ndani ya lile ua. Nikakuta chombo cha maji juu ya meza. Ua lililochumwa halina mizizi. Wageni wanalisifu, maji yanaanza kunuka, linatupwa. Na katika nyumba ile nzima ya maneno hapakuwa na pa kuweka kitabu.

Nikasimama. Kawaida shangazi husimama kuleta vinywaji, kwa hiyo watu waliitazama mikono yangu, wakaikuta mitupu.

"Papa, maua yenye kuchumwa, munaiwekaka wapi?"

Akacheka. "Mu vase, maman. Pa salon, pa kupokea wageni, pazuri."

"Inamalizaka siku ngapi?"

Wanawake wa nyuma wakaanza kukohoa.

"Maman, ni maneno ya heshima tu."

"Najua, papa. Njo maana ninayasikiliza kwa heshima. Hii yetu haichumwake. Kama munaitaka, muichimbe na mizizi, na udongo yake yote. Na udongo yake ni ile masomo."

Kaka akanivuta kitenge. "Rudia kwa kiti yako."

"Kiti yangu iko Berchem," nikamwambia.

Mzee hakukata tamaa. Akaleta mvua, akaleta bustani mpya, akaleta na jua. Ni fundi kweli, nusura nikae. Ila nikaona kwamba katika mvua yote ile hakuna mtu aliyeahidi kitu. Nikamgeukia bwana harusi.

"Na wewe? Sema bila maua."

Alimtazama mzee, akatazama viatu vyake. Binti yetu, ambaye desturi ilimtaka ainamishe kichwa, alikiinua na kumwangalia.

"Atamaliza masomo," bwana harusi akasema. "Tutaoana, na atamaliza."

"Maman ameniharibia hotuba," mzee akanung'unika.

"Hotuba ilikuwa nzuri, papa. Ingekuwa mbaya, nisingehangaika nayo."

Ile sentensi ya kijana haikuwa na pambo hata moja. Nikamwomba airudie kwa sauti, na wale wa nyuma wasikie. Akairudia. Hapo ndipo nilipokaa.