Aliyeitikia Gari

Miaka ile magari ya mitumba yalipojaa nchini, kila mwenye akiba ya pamba Bariadi alitaka gari la Japani. Mimi nililipata la bei ya kati huko Dar: la paa la juu, viti saba, la petroli. Dalali alilisifia, mimi nikalikandia nusu siku nzima. Nilimwambia kwetu kila kitu kinakunywa dizeli, kuanzia malori ya pamba hadi mashine za kusaga. Akashusha bei. Nikawasha, na sauti ya mwanamke ikasema maneno ya Kijapani kutoka chini ya usukani.

"Na huyu naye atakula kwangu?" nikamuuliza dalali. Akashusha tena.

Fundi wa Bariadi alinieleza kwamba ni kifaa cha kulipia barabara za Japani. Kila ukiwasha kinalalamika hakina kadi. Akashika koleo akate waya. Mama yangu, aliyekuwa ameketi kiti cha kati, dirishani, akisubiri nimpeleke kijijini kwetu Nkoma, akamzuia.

"Mtu anakuamkia, wewe unamkata ulimi?"

"Mama, hicho ni kifaa."

"Mwangaluka, mayu," mama akaliambia gari, kama unavyomwamkia asubuhi mwanamke wa heshima. Kisha akaliuliza ukoo wake, kama tufanyavyo Wasukuma: "Ng'wa nani?" Akangoja. Gari kimya. "Kalelewa vibaya," akasema, "lakini ameanza yeye kuamkia."

Ikawa desturi. Nikiwasha, sauti inasema yake, mama, ambaye hakukosa safari, anaitikia kutoka kiti kile kile. Jioni alibadilisha: "Mwadila, mayu." Abiria niliowabeba kwenda Lamadi walicheka, kisha wakazoea, na wengine wakawa wanasubiri amalize salamu ndipo wafunge milango.

Mama akafa msimu wa kuchuma pamba, baada ya kuugua siku chache. Tulipotoka kumzika Nkoma nilihesabu tuliopanda, kama kawaida yangu: saba. Nikarudia: sita. Nikawasha. Sauti ikasema yake. Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mpaka tunafika Bariadi kile kiti cha dirishani hakikukaliwa, ingawa shangazi alibanwa kule nyuma na magoti yake mabovu.

Tangu siku hiyo kila asubuhi ilikuwa hivyo. Sauti ikimaliza, kilifuata kimya chenye urefu wa jibu la mama, halafu ndipo nilipoweza kukanyaga mafuta. Nikaamua kuliuza. Watu niliwaambia petroli imenishinda.

Akaja mwanamke mmoja mfanyabiashara wa dagaa kutoka Lamadi, mwenye watoto wengi na mdomo mwepesi.

"Kaka, hii gari inakunywa kama mkwe aliyefika kwenye sherehe."

"Dada, wewe unanuka dagaa tangu umeshuka pale stendi, mbona sijakushushia thamani?"

Alicheka. Tukavutana mpaka tukabaki tumetofautiana nauli ya kwenda Mwanza. Akapanda mbele, karibu yangu. "Haya, washa nisikie injini."

Nikawasha. Sauti ikasema.

"Mwangaluka, mayu," nikaitikia.

Sikukusudia. Tena nilivuta lile neno la mwisho kama alivyolivuta mama.

Yule mwanamke aligeuka, akatazama kiti cha kati.

"Kaka, umemwamkia nani?"

"Gari."

"Gari," akarudia. Akafungua mlango, akashuka taratibu, akaufunga bila kuubamiza, kama mtu anayetoka kwenye nyumba yenye mgonjwa. "Mimi nilikuja kununua gari tupu. Hii ina mwenyewe ndani."

"Nitakupunguzia." Maishani mwangu sijawahi kupunguza bila kuombwa, isipokuwa mara ile.

"Hata ukinipa bure. Wanangu watakaa wapi?"

Akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Jioni niliwasha gari nilirudishe chini ya banda la mabati. Sauti ikasema yake. Safari hii nilifumba mdomo makusudi, nisikie kama yupo atakayeitikia.